Darasa la Kibuyu

Huku kwenye chai, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kila kitu huulizwa kiasi chake. Umechuma kilo ngapi, bonasi imetoka shilingi ngapi, mtoto amekuwa wa ngapi darasani. Mimi nawasomesha wanangu nyumbani, na somo ninalolienzi kuliko yote halina kilo wala nafasi: kutengeneza mursik, maziwa yetu ya kuganda.

Kazi huanza na sotet, kibuyu chenyewe. Huoshwa kwa maji moto, kikasuguliwa ndani kwa sosiot, kijiti cha kusugulia, mpaka harufu ya maziwa ya zamani iishe, kisha kikaanikwa kikauke kabisa. Halafu huja mkaa wa senetwet, kile kichaka chenye maua ya manjano. Kijiti chake huwashwa, kaa lake likatiwa kibuyuni na kusagwa taratibu kwenye kuta za ndani mpaka ziwe nyeusi na laini. Unga unaozidi hukung'utwa. Hapa ndipo mtoto mwenye pupa hujulikana, na si lazima nimkemee. Sehemu aliyoiruka, maziwa yenyewe yatamshtaki. Kogo, nyanya yao, hana maneno mengi. Humshika mtoto mkono, akauzungusha pamoja na wake, kisha akauachia.

Maziwa huchemshwa, yakapozwa, yakamiminwa, kifuniko kikafungwa. Basi. Kwa siku kadhaa, pengine majuma, kibuyu hukaa penye ubaridi na bakteria wa kugandisha maziwa hufanya kazi gizani bila msaada wetu. Kitinda mimba wangu huomba kuchungulia. Namkataza, naye hununa.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani, na nayashukuru, lakini hakuna lililonifungua macho kama kifuniko hicho. Ipo sehemu yangu, nami sharti niitimize kwa uaminifu: kuosha, kusaga, kuchemsha. Ipo na sehemu ya Mungu, na hiyo haitaki kuchunguliwa kila saa. Ndivyo ninavyolea. Mtoto anayechelewa kusoma namsomea Zaburi kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya chai, halafu nangoja. Katika kungoja huko nami nimekua. Sauti yangu imeshuka, na sala zangu zimepungua madai.

Watoto siwafichi upande wa pili wa mursik. Saratani ya umio imeitesa Bomet kwa miaka mingi, madaktari wa Hospitali ya Tenwek wanaijua vizuri, na watafiti wamekuta asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na ugonjwa huo, katika mursik ya eneo hili. Tumelisoma jambo hilo mezani kama somo la kemia. Kwetu sasa mursik ni ya Jumapili na ya wageni, kikombe kidogo pamoja na kimnyet, yaani ugali. Urithi unaopendwa unastahili kuulizwa maswali, na mtoto aliyesaga mkaa kwa mkono wake huuliza maswali mazuri kuliko aliyeona kibuyu kwenye televisheni tu, wanariadha wetu wakipokewa nacho uwanja wa ndege.

Mama mwenzangu, hata kama wako wanasoma shule ya bweni, likizo ijayo wapeleke kwa kogo wao wakajifunze kazi hii angali yupo wa kuwafundisha. Na ukiwapeleka, usiwawekee saa.