Lugha Yetu Katika Viganja vya Vijana

Utamaduni wa taifa hauishi katika ngoma na majumba ya makumbusho peke yake. Huishi pia katika michezo ya vijana. Kwa hiyo hapana budi mhakiki aitazame michezo hiyo kwa jicho lile lile atazamialo hadithi na tamthilia.

Mwezi Februari 2022 kampuni ya Valve ya Marekani ilianza kuuza Steam Deck, kompyuta ndogo ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye kioo cha inchi 7, ichezeshayo michezo iliyotungwa kwa kompyuta za mezani. Ile ya bei ya chini iliuzwa dola 399. Ufundi wake ni wa hali ya juu; lakini chombo ni kibuyu tu, nasi twauliza kilichotiwa ndani.

Miongoni mwa michezo ya kompyuta uko Tales of Kenzera: ZAU, uliotoka Aprili 2024. Mtunzi wake, Abubakar Salim, ni Mwingereza mwenye asili ya Kenya, naye aliutunga kwa majonzi ya kufiwa na baba yake. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti: amletee mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba. Mchezaji akipenda, wahusika husema Kiswahili. Jambo hili twalisifu bila kusita, maana hapa lugha yetu imebeba msiba wa mtu, haikupamba bidhaa.

Hata hivyo, mizimu yenyewe imekusanywa kutoka pande nyingi za Afrika. Impundulu, kwa mfano, ni ndege wa radi wa kusini. Mtunzi ana haki hiyo. Lakini kijana wa Mikese ainuapo macho huiona milima ya Uluguru, ambako wazee walimwomba mvua Kolelo, mzimu wa pangoni. Tena Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana kauli kubwa juu ya mpwawe. Msiba wa huko ungezaa mgogoro mwingine, na hadithi nyingine.

Reli ipitayo Mikese ilijengwa na Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907. Nasi tuliifanya yetu. Chombo hiki nacho chaweza kuwa chetu, ila hakitajitungia hadithi. Walimu na wanafunzi, ziandikeni hadithi za wazee wangali hai, ili fundi atakapozitafuta azikute.