Ndoano Majanini

Uvuvi wa ndoano katika maji yaliyosongwa na majani ni ustadi wa kuchagua, na uchaguzi huo huanzia kwenye jani kabla haujamfikia samaki. Ukweli huu huonekana vizuri Kamsamba, katika Wilaya ya Momba mkoani Songwe, ambako Mto Momba, unaochimbukia Zambia kwa jina la Saisi, huingia kwenye bonde la Ziwa Rukwa ukiwa umebeba tope la safari yake yote. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yanayoingia hubaki humo hadi jua liyapeleke angani, na kwa kuwa kina chake ni kifupi, mvua za miaka michache hutosha kulipanua na ukame kulirudisha nyuma, hivyo kwamba nyasi zilizokuwa malisho ya ng'ombe huweza kugeuka maficho ya samaki.

Majani ya maji hayana tabia moja. Matete husimama wima na kuacha vichochoro kati ya shina na shina, ilhali nyasi za kuelea hutandazwa juu ya maji kama mkeka, zikiacha chini yake giza na ubaridi ambao samaki huupenda mchana wa jua kali. Chubwi, yaani kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, likiwa la mviringo hunasa katika nyasi hizo, lakini likiwa jembamba lenye ncha hupenya; na katika vichochoro vya matete mara nyingi halihitajiki kabisa, kwa sababu uzito wa chambo chenyewe hutosha kukishusha taratibu ubavuni mwa shina. Mvuvi stadi hupunguza vifaa kila majani yanapozidi kuwa mazito, na pengine hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kumtofautisha na anayejifunza, ambaye huongeza.

Mwenyeji halisi wa maji ya namna hii ni kambale, ambaye wataalamu humwita Clarias gariepinus. Juu ya matamvua yake kuna kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo vidimbwi vilivyooza majani, ambavyo vingemuua samaki mwingine, kwake ni makazi. Mvua zinapofurisha mito, huingia katika nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga mayai, na windo lake hulitafuta zaidi usiku, akiongozwa na pua na sharubu zake nane kuliko macho. Kutokana na hali hiyo, katika tope la Momba chambo kinachonuka hushinda kinachong'aa: mnyoo, utumbo wa kuku, kipande cha samaki aliyeanza kuvunda. Katika sehemu mbalimbali za Afrika hata kipande cha sabuni hutungwa kwenye ndoano za kambale, nacho huliwa, jambo linalopaswa kumnyenyekeza kila mtaalamu wa vyambo.

Kinyume chake kipo Kenya, katika Ziwa Naivasha, ambamo katika miaka ya 1920 alipandikizwa besi, samaki wa Marekani Kaskazini mwenye mdomo mpana, Micropterus salmoides kwa jina la kitaalamu. Besi huvizia pembeni mwa mafunjo, huona kivuli kikipita, na hurukia. Kwake imebuniwa sanaa nzima ya chambo bandia, yaani mfano wa chura, samaki au mdudu uliotengenezwa kwa mpira, mti au bati, na kilicho bora kati ya hivyo kwa maji yenye majani ni chura wa mpira aliye wazi ndani: ndoano mbili hulala zimebana mgongo wake, zikiteleza juu ya majani bila kushika kitu, hadi taya za samaki zimbonyeze chura na ncha zijitokeze. Ni ubunifu wa kusifiwa, ingawa kwa kambale wa maji ya tope usingekuwa na faida kubwa. Hata hivyo kanuni iliyo ndani yake, ya kuificha ncha ili jani lisiikute, inafaa kokote: ncha ya ndoano ikirudishwa ndani ya mnyoo mnene au nyama laini, chambo hupita katikati ya nyasi salama, na mvuto wa mkono unatosha kuitoboza samaki anapouma.

Mvuto huo ndio unaoamua aina ya uzi. Uzi mmoja wa nailoni, ule unaopitisha mwanga, hunyumbuka, na katika maji wazi kunyumbuka huko humchosha samaki. Lakini majanini humpa nafasi ya kujizungusha kwenye mashina, na akishajizungusha ameokoka. Uzi wa kusokotwa, mnene na usionyumbuka sana, humtoa mara moja, tena huweza kukata nyasi laini unapokokotwa. Ndoano nayo sharti iwe ya waya mnene usiokunjuka. Katika namba za viwandani, ndoano ndogo ndiyo yenye namba kubwa, utaratibu unaowatatiza wanunuzi wengi dukani.

Perege ni habari nyingine. Mdomo wake ni mdogo na chakula chake kikubwa ni mimea midogo ya majini, kwa hiyo hutakiwa ndoano ndogo, donge la ugali lisilozidi punje ya hindi, na boya jepesi, ambalo kipande cha tete kikavu hulitimiza bila gharama.

Ubora wa ndoano huonekana zaidi inapolinganishwa na kokoro, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni, ambao Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinaukataza katika maji baridi. Perege jike huatamia mayai na makinda yake ndani ya mdomo, na kwa muda huo hali chochote, au hula kidogo sana. Kokoro humzoa pamoja na uzao wake wote; ndoano yenye donge la ugali hupita mbele yake, naye haigusi.