Unguja, Jamani! Mtu wa Mbau, Anzia Shambani

Jamani, watu wa Mbau, kwetu Kongo, nimetoka Unguja na vidole vyangu bado vinanukia karafuu! Nimenawa, nimeoga, nimenawa tena, harufu haitoki, na wala sitaki itoke. Kila mtu atakuambia kisiwa kile ni bahari, na bahari ipo kweli, ya kijani, ya buluu, ya uvuguvugu, tamu mno. Lakini wewe uliyekulia kati ya kakao na vanila, nisikilize: usikimbilie ufukweni. Anzia Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Pale utapagawa kabisa!

Vanila umeishika tangu utoto, sivyo? Unajua ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na usipoliwahi kwa mkono wako, basi tena. Ukiikuta kule kisiwani imejizungusha kwenye mti, utajiona uko kwenu, utaanza hata kumfundisha kijana anayekutembeza. Ngoja sasa! Anachuma tunda la njano, la mviringo, halina makuu yoyote, analipasua kwa kisu, na ndani, aa, ndani! Mbegu nyeusi inayong'aa, imevishwa wavu mwekundu, mwekundu wa kuwaka, mbichi, unateleza kidoleni. Mbegu ndiyo kungumanga, wavu ndio basibasi, viungo viwili vya nguvu katika tunda moja! Niligusa, nikanusa, nikalamba, nikaomba lingine. Anakwangua mzizi wa mdalasini: unanukia kama dawa ya kupaka kifuani wakati wa mafua! Anafunua majani marefu: iliki zimejificha chini kabisa, karibu na udongo, na mimi miaka yote nilidhani zinaning'inia juu. Karafuu yenyewe ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua. Itafune mbichi, ulimi wote utakufa ganzi, utacheka huku mate yanakutoka. Halafu mwingine anakwea mnazi, kitanzi cha kamba miguuni, anaimba kwa sauti kubwa kabisa huko juu, madafu yanaanguka pu! pu! Na bado!

Sisi wa msituni tunawajua kima: unasikia matawi yakitikisika, wameshatoweka. Nenda msitu wa Jozani basi. Kima punju, wekundu mgongoni, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso, wanakaa hatua chache tu kutoka ulipo na kuendelea kutafuna, hawana habari na wewe! Duniani kote wako Zanzibar tu. Tena wanakula makaa, ndiyo, makaa haya haya ya kupikia, kwa sababu majani ya miembe na mikungu wanayopenda yana sumu kidogo, na makaa yanaipunguza. Nani aliwafundisha? Nilibaki mdomo wazi.

Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, utembee bila haraka, ukipapasa milango. Mbao nzito, nakshi za maua na minyororo, vichwa vya shaba vilivyochongoka, baridi kiganjani hata jua likiwa kali. Ukifika Shangani, tafuta nyumba ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyefia mjini humo mwaka 1905. Jina hilo kwetu si geni: pembe na watumwa wa Kongo ndio waliomtajirisha, na misafara ya watu kama yeye ndiyo iliyokifikisha Kiswahili hadi huku kwetu. Kisha Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Pale moyo unashikwa, ndugu yangu. Usiparuke. Mtu wa Kongo ana deni la kusimama pale.

Jioni sasa, Forodhani! Moshi wa mishikaki, miwa inakamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, watoto wanakimbia na kujirusha baharini na nguo zao, wanapanda, wanajirusha tena, na taa zinawaka moja moja. Agiza urojo. Bakuli la supu ya njano, nzito, chachu chachu, na ndani bajia, kachori, viazi, vipande vya nyama, chatini, na juu kabisa chipsi za muhogo zinazovunjika kaa-kaa-kaa mdomoni. Muhogo wetu, jamani, umevaa hivi! Maliza, agiza bakuli la pili, mwambie akuzidishie pilipili, halafu uje uniambie!