Jiwe Umeliweka Wapi?

Zoezi langu la kwanza la shahada ya uzamili lilihusu kanisa kuu la Anglikana la Mtandi, Masasi. Kurasa kumi nzima nilieleza kuta, milango na paa. Likizo nikarudi nyumbani Ndanda, nikamwonyesha bibi picha ya jalada. Aliitazama kwa muda.

"Kanisa nimeliona, mjukuu wangu. Jiwe umeliweka wapi?"

Nilikuwa nimelikata. Mlima ule wa mwamba mtupu ulikuwa unalifanya kanisa lionekane dogo, nami nilitaka kanisa pekee. Sasa naona kwamba nilikuwa nimeondoa nusu ya nilichokuwa nikikichambua.

Kule Nara, Japani, kuna hekalu la Kishinto liitwalo Ōmiwa. Halina jengo la ndani la kumweka mungu, tofauti na mengi ya mahekalu ya dini hiyo. Mlima Miwa wenyewe, pamoja na miamba yake, ndio mtakatifu. Watu husali katika ukumbi uliojengwa chini yake. Ukiupima ukumbi huo bila mlima, hujapima kitu.

Masasi nako jengo lilikuta jiwe limeshafika. Mwaka 1873, misheni ya UMCA ilianza kujenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar, juu ya soko la watumwa, na Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi. Pale kanisa lilikusudiwa kufunika. Mwaka 1876 Steere huyohuyo aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji kati ya vilima vya mawe. Hapa hapakuwa na cha kufunika. Mwaka 1882 Wagwangwara walikivamia kijiji, wakaua na kuteka watu. Waliobaki walitawanyika, na majengo ya leo ni ya baadaye. Jiwe ni lilelile.

Utasema nalazimisha mambo: Waanglikana hawaabudu mwamba. Kweli. Lakini hata wazee wa Kiyao waliomwaga unga chini ya mti wa msolo hawakuuabudu mti. Waliwakumbuka wahenga wao mahali panapojulikana. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926, aliliona jambo kama hilo katika jando. Badala ya kulipiga marufuku, alilipa sura ya Kikristo. Wapo wanaomsifu kwa heshima ile, na wapo wanaouliza ni nani aliyempa ruhusa ya kuchagua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Swali hilo linanihusu na mimi. Lucas alichagua baada ya kukaa na watu miaka mingi. Mimi, mtoto wa hukuhuku, nilichagua kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa sababu vitabu nilivyosoma huonyesha majengo yakiwa peke yake.

Zoezi lile lilipata alama nzuri. Darasani hakuna aliyeuliza jiwe liko wapi.