Jedwali la lishe halijamwona chura wako

Ukianza kufuga chura, hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na jedwali. Mstari wa kwanza nyenje, wa pili buu wa mbawakawa wa unga, wa tatu kiwavi wa nondo wa nta. Safu za protini, mafuta, kalsiamu na fosforasi. Unatafuta mdudu mwenye namba nzuri, unamfanya chakula kikuu, unamweka mbele ya chura. Chura anamtazama tu. Siku ya tatu bado hajala, na wewe umeshatoa hukumu: huyu chura anadeka, mchaguzi wa chakula.

Hebu tulihakiki hilo jedwali kabla ya kumlaumu chura. Hoja yangu ni kwamba jedwali liko sahihi, lakini linajibu swali moja tu: mdudu ana nini mwilini? Swali lako ni jingine: kipi kati ya hivyo kitafika kwenye mifupa ya chura? Kati ya maswali hayo mawili kuna jicho, tumbo, chakula cha mdudu mwenyewe, na ulimi.

Tulipe jedwali haki yake

Chanzo kinachotajwa sana ni kazi ya Mark Finke iliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Zoo Biology. Alipima wadudu na minyoo wanaofugwa kibiashara kwa ajili ya kulisha wanyama walao wadudu. Ni kazi safi, na ilionyesha jambo ambalo kila mfugaji anapaswa kulijua: karibu wadudu wote hao wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo.

Angalia mwenyewe. Kilo moja ya nyenje wakubwa walio hai ina takriban miligramu 400 za kalsiamu na takriban 2,950 za fosforasi. Yaani moja kwa saba. Buu wa mbawakawa wa unga ni mbaya zaidi: takriban 170 kwa 2,850. Kiwavi wa nondo wa nta naye ni mafuta matupu, karibu robo ya uzito wake, wakati nyenje hafiki asilimia 7.

Kwa nini uwiano huo una maana? Ushauri wa kawaida kwa wanyama wa aina hii ni kalsiamu isipungue kiasi cha fosforasi, na ikiwezekana ikaribie mara mbili yake. Ikipungua kwa muda mrefu, mwili unaichota kutoka kwenye mifupa. Taya linalegea, miguu inapinda, chura anatetemeka na hawezi kuruka. Ugonjwa huu unaua polepole, na mwenye chura mara nyingi anagundua mifupa ikiwa imeshaharibika. Kwa hiyo namba za Finke si za kupuuza. Shida inaanza pale tunapozisoma kama orodha ya washindi.

Kwanza kabisa, jicho

Mwaka 1959 Lettvin, Maturana, McCulloch na Pitts walichapisha utafiti maarufu kuhusu kile ambacho jicho la chura linaueleza ubongo wake. Walionyesha kwamba jicho halitumi picha nzima kama kamera. Linachuja. Kuna nyuzi za neva zinazoitikia vitu vidogo, vyeusi, vinavyosogea. Kitu kikitulia, kwa chura huyo ni kama hakipo. Anaweza kufa njaa akiwa amezungukwa na wadudu waliokufa wabichi kabisa.

Baadaye Jörg-Peter Ewert, Mjerumani, alienda hatua nyingine kwa kutumia vipande vya karatasi nyeusi mbele ya chura wa nchi kavu. Kipande kirefu kikisogea kwa kufuata urefu wake, kama mnyoo anavyotambaa, chura anageuka na kukifuata. Kipande kilekile kikisimamishwa wima na kusogezwa upande, chura hana habari nacho. Karatasi ni ileile na ukubwa ni uleule. Kilichobadilika ni mwelekeo tu.

Sasa rudi kwa chura wako anayedeka. Buu wa mbawakawa, ukimweka kwenye udongo, anazama na kupotea. Ukimweka kwenye bakuli refu lisilopitisha mwanga, chura haoni kitu. Funza anayelala kimya ni kama jiwe. Nyenje anatembea, anasimama, anatembea tena, na hiyo ndiyo lugha ambayo jicho la chura linaielewa. Jedwali halina safu ya "anasogeaje", wakati kwa chura hiyo ndiyo safu ya kwanza. Kabla hujabadilisha mdudu, badilisha namna unavyomtoa: bakuli la kioo lenye kingo fupi, kibano kinachomtikisa mdudu taratibu, usiku badala ya mchana kwa sababu vyura wengi huwinda gizani. Angalia na ukubwa: mdudu asizidi upana kati ya macho mawili ya chura.

Pili, tumbo

Hapa ndipo jedwali linapopotosha zaidi. Mwaka 2013 Finke alichapisha vipimo vingine, na safari hii alikuwemo buu wa yule nzi-askari mweusi ambaye wafugaji wetu wa kuku na samaki wanamwita BSF. Namba zake zinashangaza: takriban miligramu 9,340 za kalsiamu kwa kilo, fosforasi 3,560. Hatimaye mdudu mwenye uwiano tunaoutaka, bila hata kumpaka unga wowote! Ukisoma jedwali peke yake utasema utafutaji umekwisha.

Lakini miaka mitano kabla, mwaka 2008, Dierenfeld na King walikuwa wameshachapisha utafiti waliowalisha mabuu hao chura wakubwa wa visiwa vya Karibi, Leptodactylus fallax. Mabuu walipotolewa wazima, madini mengi yalipita bila kufyonzwa vizuri. Waliposagwa, hali ikawa bora. Ukifikiri kidogo utaona sababu. Chura hatafuni. Anameza mdudu mzima mzima, na buu huyu ana ngozi ngumu. Kalsiamu inaingia ikiwa imefungwa kwenye kifurushi, na sehemu yake inatoka ikiwa bado imefungwa.

Sisemi BSF ni chakula kibaya. Mara moja moja, wakiwa wadogo au wametobolewa, wanafaa. Ninachosema ni kwamba mdudu mwenye namba bora hakuwa mlo bora, na jedwali halikuwa na njia ya kukuambia.

Tatu, mdudu naye anakula

Jedwali lilipima mdudu wa siku ile, kutoka kwa mfugaji yule, aliyekula chakula kile. Nyenje wako ni wengine. Ukiwapa chakula chenye kalsiamu nyingi siku moja au mbili kabla hawajaliwa, matumbo yao yanageuka kuwa mfuko wa virutubisho. Ukiwapaka unga wa kalsiamu wenye vitamini D3 dakika chache kabla ya kuwatoa, uwiano unabadilika kabisa. Ila lazima waliwe mapema, maana nyenje hujisafisha, na kesho yake unga wote umeisha mwilini.

Hii ndiyo sababu nyenje, mwenye namba zisizovutia, bado ni chakula kikuu kizuri kwa vyura wengi. Anasogea vizuri, ana mafuta kidogo, anameng'enyeka, anashika unga, na tumbo lake unaweza kulijaza unachotaka. Kasoro yake inarekebishika. Kasoro ya kiwavi wa nta, yaani mafuta, hairekebishiki. Huyo abaki kama sambusa ya Ijumaa.

Nne, ulimi

Hapa naomba uwe makini, kwa sababu neno "mchaguzi" linaweza kuficha ugonjwa. Chura wa Wyoming, Anaxyrus baxteri, ni spishi ya Marekani iliyonusurika kwa kuzalishwa na binadamu. Katika vizazi vilivyofugwa yalionekana matatizo yanayohusishwa na upungufu wa vitamini A: tezi za ulimi zinazotoa ute zinabadilika, ulimi unakosa unato. Chura anaona mdudu, anarusha ulimi, mdudu anabaki palepale. Baada ya kukosa mara kadhaa, anaacha.

Ukiwa mbali unaona chura asiyetaka kula. Ukikaribia unaona chura anayetaka na hawezi. Tofauti hiyo ni kubwa, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Asiyerusha ulimi kabisa, chunguza joto, mwanga, woga na namna unavyomtoa mdudu. Anayerusha na kukosa, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Usimwagie vitamini A kwa kukisia, maana ikizidi nayo inadhuru.

Gharama ya kutojua

Ukidhani haya ni mambo ya watu wenye vyura vya mapambo, kumbuka vyura wetu wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kutoka bondeni Udzungwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Hawazidi sentimita 3, kwa hiyo hata nyenje wa kawaida kwao ni dude. Wanahitaji nzi wa matunda, nyenje waliotoka kwenye yai juzi, na wadudu wengine wa kiasi hicho. Kufikia mwisho wa mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Chakula hakikuwa tatizo pekee, lakini idadi ilipanda tu baada ya watunzaji kujua kwa undani nini hasa vyura hao wanahitaji. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Spishi nzima ilikuwa ndani ya masanduku ya kioo, ikisubiri watu wajifunze kuilisha.

Basi lisome jedwali, lakini lisome mwisho. Anza na mdudu ambaye chura wako anamwona na kumrukia. Hakikisha anaweza kummeza na kummeng'enya. Ndipo ufungue jedwali uone huyo mdudu anapungukiwa nini, ukazibe pengo kwa chakula chake na kwa unga. Changanya aina mbili tatu: nyenje kama msingi, nyungunyungu wa udongo usiopigwa dawa, mende wa kufugwa ukiwapata. Kumbikumbi wa msimu pia, mradi usiwaokote chini ya taa ya nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu. Kisha weka daftari: tarehe, alichopewa, alichokula, alirusha ulimi au hakurusha. Baada ya mwezi utakuwa na jedwali la chura wako mwenyewe.