Insafu ya Mtunzi wa Kijapani

Katika fani zote za hadithi, sijaona iliyo na insafu kwa msomaji wake kuliko riwaya za upelelezi za Wajapani. Wala sisemi hivi kwa kuwatweza Wamagharibi waliowatangulia, kwani Hirai Tarō, aliyeifungulia mlango fani hii nchini mwake kwa hadithi aliyoitoa mwaka 1923, alikiri deni lake waziwazi kwa kujiita Edogawa Ranpo, kwa taadhima ya Edgar Allan Poe.

Lakini moyo wangu uko kwa Matsumoto Seichō, mtoto wa mafukara aliyezaliwa mwaka 1909, akaacha skuli angali mdogo ili atafute riziki, na asiitoe riwaya iliyomtangaza mpaka alipoukaribia umri wa miaka hamsini. Katika riwaya hiyo, Ten to Sen, iliyotoka kitabu kamili mwaka 1958, maiti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, zakutwa pamoja ufukweni Kashii, kandokando ya Fukuoka, na kila mtu aamini kuwa ni wapenzi waliopatana kunywa sumu. Mzee mmoja wa polisi, Torigai, ndiye pekee anayetiwa shaka na kikaratasi kilichokuwa mfukoni mwa yule mwanamume: stakabadhi ya behewa la chakula, ya mlaji mmoja. Mtu anayesafiri na mpenzi wake kwenda kufa naye, vipi akae mezani peke yake? Swali hili halihitaji elimu ya sumu wala ya damu. Lahitaji mtu anayewajua binadamu, na hapo ndipo ulipo utukufu wake.

Kisha zaja zile dakika 4. Katika stesheni ya Tokyo magari ya moshi yalikuwa yakiingia na kutoka kwa wingi hata aliyesimama jukwaa namba 13 asiweze kuliona la 15 ila tangu saa 12 kasoro dakika 3 jioni hadi saa 12 na dakika 1. Na ni katika muda huo mashahidi walipowaona marehemu wakipanda gari pamoja. Je, ni sadfa, au yuko aliyewasimamisha pale ili waone? Ratiba aliyoitumia mtunzi ni ya kweli, ya mwaka 1957. Mshukiwa twamjua mapema. Tusilolijua ni namna alivyoweza. Higashino Keigo naye, katika riwaya yake ya mwaka 2005 iliyopata tuzo ya Naoki, amwonyesha muuaji tangu mwanzo, na bado msomaji hodari hushindwa.

Aliyemfuata Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hatakuwa mgeni kwa Torigai, kwani wote wawili huanzia penye jambo dogo ambalo wenzao wamelipita bila kulitazama. Kwa hiyo nawasihi wafasiri wetu wanaokijua Kijapani: waanze na Ten to Sen, na wasiibadili ratiba hata dakika moja.