Ukongwe na Utendaji: Bi Kidude katika Jukwaa la Sauti za Busara

Suala la iwapo waimbaji wakongwe wanastahili nafasi katika tamasha kubwa la muziki aghalabu huamuliwa kwa misingi isiyo ya kisanaa. Wanaowatetea husisitiza heshima kwa wazee. Wanaowapinga hudai kwamba muda wa jukwaani ni mchache, na kila mkongwe humnyima kijana fursa. Pande zote mbili hupima umri badala ya utendaji.

Mfano wa Bi Kidude unafaa kuzingatiwa. Sauti za Busara ilipoanzishwa Unguja mwaka 2004 alikuwa tayari ajuza, naye alitumbuiza humo zaidi ya mara moja kabla ya kufariki Aprili 2013. Baadhi ya nyimbo zake zilitokana na Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Je, huo haukuwa urudiaji mtupu? La hasha. Katika fasihi simulizi, wimbo hukamilika unapotendwa mbele ya hadhira. Bi Kidude, aliyekuwa pia kungwi na mpiga ngoma za unyago, aliitia taarabu sauti ya mikwaruzo na nguvu ya ngoma. Isitoshe, alishirikiana na vijana wa kundi la Offside Trick katika wimbo "Ahmada".

Kwa hivyo, mkongwe anayeleta jina tu, hali utendaji wake umekwisha kuganda, hana budi kumpisha kijana. Yule ambaye wimbo ungali ukizaliwa upya kinywani mwake, nafasi yake jukwaani ni haki, wala si hisani.